Ziwa la Sigrada

Mchana kazi yangu ni kuleta maji.
Nafunga koki, nazibua chujio, nafukua bomba
kutoka Changarawe hadi Kinyanambo,
na watu hunijua kwa buti kabla ya sura.
Usiku, tukishaota jiko na kujifunika blanketi moja
(Julai ya Mafinga haina utani),
mimi na binti yangu Sigrada
tunayaondoa.

Ziwa lenyewe limo ndani ya simu yenye ufa.
Upana, hatua mia na kumi; nilizihesabu.
Kina sikukijua. Mtu wangu wa pembe nne
alizama, akaishiwa pumzi, akafa,
akaamkia kitandani kwake mikono mitupu.
"Baba, umekufa tena,"
na kicheko kikamwamsha mama yake chumba cha pili.

Nilianza kifundi. Nikauliza: valvu iko wapi?
Tufunge juu kwanza, ndipo tutoe ya chini.
"Hapa hakuna juu," akasema.
"Kila tofali la maji ni chemchemi.
Ukichota moja, jirani zake wawili
wanalizaa upya kabla hujageuka."
Nikachota. Likazaliwa.
Nikachota tena, kwa ndoo, kwa hasira,
ndoo mia mbili labda, na ziwa
likanitazama bila hata kukunja uso.

Basi akanifundisha, darasa la sita akimfundisha fundi:
mwaga mchanga, uuache ushuke wenyewe hadi chini,
inua ukuta, likate ziwa vyumba vyumba
kama bibi yake Eusebia akatavyo kinyungu bondeni,
tuta, mfereji, tuta, mfereji,
mpaka tope likubali mahindi.
Chumba kimoja kwa usiku mmoja.
Sponji inywe; ikilowa iende tanuruni,
itoke kavu, inywe tena.
Kisha uuchimbe mchanga wote ulioumwaga,
kwani ukuta nao ni deni.

Usiku wa nne umeme ulikatika.
Usiku wa saba nilivunja ukuta usiostahili kuvunjwa
na ziwa likajirudishia vyumba vitatu kwa mpigo mmoja.
Sigrada hakusema kitu. Alishusha pumzi tu,
kama mama yake mshahara wangu unapochelewa.

Usiku wa kumi na tisa tukasimama chini.
Mfinyanzi wa kijivu. Samaki wawili
wakirukaruka pasipo na cha kuogelea.
Hakuna sanduku, hakuna dhahabu;
shimo tu, pana, kimya,
na wingu la mstatili likipita juu.
"Sasa tunajenga nini?" nikauliza.
Hakuwa amelifikiria hilo.
Alitaka kuona chini.

Kisha akachimba kona, mbili kwa mbili,
akamimina ndoo pembe hii, ndoo pembe ile.
"Hiki kisima chetu. Chota usichoke, hakiishi."
Kumbe ni kanuni ileile
iliyonitesa usiku kumi na tisa.

Asubuhi, umande umeganda kwenye nyasi,
nimepiga magoti uani kwa mama Otmari,
ndoo kumi na saba zimepanga foleni nyuma yangu,
bomba linakohoa hewa, hewa, kutu, hewa.
Wananiuliza lini. Nasema kesho,
kama nilivyosema juzi.
Mkono umo topeni hadi kiwiko. Napapasa kwa vidole
mahali lilipopasuka,
na najikuta nahesabu: mbili kwa mbili,
pembe hii, pembe ile,
ndoo mbili tu.