Inua Kidevu, Birika

Miaka ishirini na miwili nimepiga picha za pasipoti, Buguruni:
inua kidevu, funga kola, usicheke.
Siku hizi kila mtu ana studio mfukoni,
na lile pazia langu la bluu
Sikudhani amelikata, kashonea foronya.

Sasa napanga vitu.
Juu ya stuli, karibu na dirisha la uani:
birika la chai lililochubuka mdomo,
kikombe cha bati,
kisu chenye mpini uliozongwa mpira wa baiskeli,
na ndimu mbili nilizozinyunyizia maji,
moja mbichi, moja imeanza njano.

Mwanga wenyewe wa kuazima.
Jirani yetu Kondo kaezeka bati jipya;
saa tatu na robo jua hulipiga,
likaruka ukuta, likaingia kwangu
dakika ishirini hivi,
kama mgeni asiyetaka hata maji.
Upande wa kivuli naumulikia kwa mfuniko wa sufuria,
nimeusugua kwa majivu mpaka unaniona.

Inua kidevu, birika.
Naugeuza mkono wake utazame ukutani. Hapana. Urudi.
Ndimu zimekaribiana mno, zinateta.
Nazitenga upana wa kidole.
Sasa zimenuniana.
Nusu kidole.

Shukuru, mtoto wa mpangaji, kachungulia:
"Babu, nani atanunua picha ya birika
na birika lenyewe hakuna anayelitaka?"
Sijui, nikamwambia. Na kweli sijui.
Watu niliwapiga mbiombio, foleni hadi barazani;
sura zao sikuzitazama,
nilitazama masikio tu, yaonekane yote mawili.
Na hili birika tumelinywea tangu arusi,
leo ndiyo naliona kovu lake chini ya mkono,
la usiku ule wa mvua, tulipolala juu ya meza.

Sikudhani akaingia ananuka magamba ya samaki.
Hakuuliza kitu.
Akachukua ndimu ya njano, akachukua na kisu,
akaenda zake jikoni.

Kwenye kitambaa pakabaki duara la maji,
na ndimu mbichi imeinamia pale,
kama mtu aliyekatishwa maneno.
Bati la Kondo lilishaanza kufifia.
Sikumwita arudishe.
Nikabana pumzi, nikabonyeza.

Mchana tukala changu wa kukaanga.
Ndimu ilikuwa kali, na mbegu tele.