Haya, Mwingine

Kemi, Januari. Saa tatu asubuhi, nje bado usiku.
Watoto kumi na wanane, glavu thelathini na sita,
na moja haikosi kupotea.
Wenzangu wawili wanaumwa; wa tatu aliacha kazi kabla ya Krismasi,
akaniachia kikombe chake na zamu zake.

Zamani nilifunga zipu huku nikiuliza:
umeota nini? Nani amekukata nywele?
Siku hizi mikono inafunga, mdomo unahesabu.
"Haya. Mwingine."

Leo Veikka alilia mlangoni, mama keshaondoka.
Nilimpangusa kamasi kama mtu apangusaye meza.
Akanyamaza.
Nikashukuru kwamba amenyamaza,
wala sikujiuliza kilio kimekwenda wapi.

Mchana, kwenye kona ya wanasesere,
Hilma, miaka minne, yuko kazini.
Amewapanga ukutani, saba, mmoja hana jicho.
Anavuta kofia, anasokomeza mikono kotini,
bila kuwatazama usoni.
"Haya," anasema. "Mwingine."
Sauti ni yangu,
hata ule mkwaruzo wa mwisho,
hata pumzi ninayoivuta nikidhani hakuna anayesikia.

Nikaketi sakafuni kando yake, magoti yakialika.
Nikamwomba anivike kofia na mimi.
Akanivika, akaishusha hadi puani.
"Marjut ameota nini?" nikamsaidia kuuliza,
humo gizani, kwenye sufi yenye harufu ya theluji iliyokauka.

Nilingoja.
Nilipoinua kofia
alikuwa ameshafika kwa mwingine.