Kuanzia Moja

Bi Sikujua, usitikise kichwa.
Najua jina lako liko hapo, nyuma ya meno,
kama korosho iliyogoma kutoka nzima.
Sikuja na dua, wala sikuja na dawa.
Nimekuja na kikapu cha ming'oko ya kuchemsha
na mdomo huu. Utazame:
upande huu bado umelala kidogo.

Mimi ni Mchopa, karani wa mizani, Kitangari.
Misimu kumi na tisa nilisoma kilo kwa sauti
hata aliyekuwa kisimani alijua gunia la nani limepungua.
Novemba ile, gunia la Hokororo likiwa juu ya mizani,
nikafungua kinywa nitamke themanini na mbili,
kikatoka kitu kama maji yanayonywewa na mchanga.
Kalamu ikaanguka. Nikautazama mkono.
Ulikuwa wa mtu mwingine.

Kwanza watu walicheka. Walidhani uraka.

Kisha wakasema nimetupiwa jambo,
kwamba karani wa mizani hakosi maadui.
Maadui ninao. Lakini ukweli niliujua peke yangu
na sikuwa na njia ya kuutoa:
vidonge vya presha vilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la chumvi,
miezi mitano sijavigusa,
kwa kuwa sikuumwa popote.

Hapa hapa Ndanda, kitanda cha pili toka dirishani,
nilimwita mke wangu "ndoo."
"Ndoo," nikasema, "ndoo, ndoo," machozi yananitoka,
na Somoe akatoka, akarudi na ndoo kweli,
akaiweka kati yetu, akakaa.
Siku mbili hatukutazamana. Ya tatu tulicheka,
mimi kwa upande mmoja wa uso, yeye kwa yote miwili.

Sasa sikiliza, hili ndilo nililolifuata.
Maneno yaliondoka, hesabu ikabaki,
ila ilibaki kama ngazi:
ukitaka kidato cha juu, sharti uanzie chini.
Muuguzi akinyoosha vidole vinne
sikuweza kusema nne.
Niliweza moja. Moja, mbili, tatu, nne,
na hapo nang'ang'ania, nisije nikapitiliza.

Msimu uliofuata nikarudi ghalani.
Mizani ikasema arobaini na saba.
Nikaanza: moja...
Jua la saa saba, foleni ya magunia hadi barabarani,
watu wana madeni ya salfa tangu Julai,
wakasimama kunisubiri.
Mmoja aliondoka, sikufichi. Alitukana pia.
Nikateleza kwenye thelathini na nne, nikarudi chini kabisa.
Ndipo mtoto wa Chinduli akaanza kuhesabu nami, polepole,
kisha mama yake, kisha wapakiaji.
Tulipofika, hakuna aliyepiga makofi.
"Lete lingine," mtu akasema.
Sijawahi kupewa pole nzuri kuliko ile.

Sijapona kama unavyodhani kupona.
Vifungo vya shati ni kazi ya Somoe.
Jina la kitinda mimba wangu huja mchana, asubuhi halipo.
Vidonge nimevihamishia kando ya birika, kila mgeni avione.
Juzi nimemwita mwenyekiti wa chama "papai,"
naye akaitika.

Na unajua neno langu la kwanza lisilokuwa namba?
Si Mungu. Si mama. Si Somoe, na bado ananikumbusha.
Mwuzaji alipita chini ya dirisha hilo,
harufu ikaingia, na likatoka zima, na ganda lake:
ming'oko.

Lako sijui litakuwa lipi.
Likija la aibu, liache lije.

Haya, menya huu. Mkono wa kushoto unatosha.
Nimeaga nyumbani hadi jioni.
Mimi naanza; wewe usinifuate kama hutaki.

Moja.