Gome la Upande wa Mlima

Msesewe wetu umesimama ukingoni mwa mfongo,
kwa kuwa hupenda miguu yake ilowe.
Baba husema: ukiuona, usiulize maji yako wapi.
Upande unaotazama barabara ya Uru
hauna ngozi.
Tumeubandua miaka arobaini, kidogo kidogo,
kwa panga la babu, kisha kwa kisu cha jikoni,
na kila kovu lina shughuli yake:
hili la kipaimara cha Aikande,
hili la mahari ya Ndeshi, ambayo haikukamilika,
hili refu la msiba wa bibi,
mbege ikajaa mapipa matatu na bado watu wakauliza.

Bila gome hili, pombe ni uji wa ndizi tu.
Mama hulionja kwa ncha ya ulimi, hufumba jicho moja,
husema, "Limefika,"
na hakuna wa kumbishia.
Kipimo chake ni kiganja.
Kiganja cha nani, sikuwahi kuuliza.

Mwaka juzi baba aliambiwa ana presha,
mia na themanini juu, mia na kumi chini.
Akarudi na vidonge ndani ya bahasha ya kaki,
akavitazama kama wageni walioingia bila hodi.
Akavimeza. Baba ni mtiifu,
ila utiifu wake una milango miwili:
asubuhi kidonge, kwa ajili ya daktari,
jioni kikombe cha gome lililochemshwa,
kwa ajili ya baba yake.
Na kweli, kichwa kikaacha kugonga.
Usingizi ukarudi. Akashuka Kiboriloni kwa miguu,
akapanda na mfuko wa mbolea begani.
Tukasema, dawa inafanya kazi.
Hatukuuliza ipi.

Jumanne moja ya mwezi wa sita,
ukungu ukiwa umekalia migomba,
tulimkuta ameanguka kati ya mibuni,
midomo ya baridi, kofia imebaki kwenye tawi.

Themanini kwa hamsini, alisema muuguzi,
akapima tena, kana kwamba mashine imesema uongo.
"Mzee, kuna kitu kingine unakunywa?"
Baba akatazama dari.
Mama akatazama viatu vyake.
Mimi, niliyechemsha kikombe cha jana,
nikasema, "Chai."

Neno hilo bado limenikwama kooni.

Nilimfuata kwenye korido, Bi. Ndelamio wa Machame,
soksi nyeupe, kalamu nyuma ya sikio.
Nikamwambia. Hakunigombeza.
"Msesewe. Kiasi gani?"
Nikafungua kiganja changu.
Akaweka chake juu yake:
kilipungua vidole viwili.
"Unaona?" akasema. "Mama yangu naye alilinywa, silitukani.
Lakini gome linashusha, na kidonge kinashusha.
Wawili wakimshika mtu mmoja mkono kumteremsha ngazi,
na kila mmoja hamwoni mwenzake,
nani atamwambia amefika chini?"

Kadi ya baba haina mstari wa msesewe.
Niliuandika pembeni, kwa wino mwekundu,
pale palipoachwa kwa ajili ya mhuri.
Baba hakunisemesha wiki mbili.
Kikombe kimefunikwa kifudifudi juu ya kabati,
na sijui, nikiwa mjini, nani hukifunua.

Pasaka mama alinituma na kisu.
Upande wa barabara, mti haukuwa na cha kutoa.
Nikazunguka hadi upande unaotazama mlima:
gome zima, la kijivu, lina ukoga kama ndevu.
Nilijua, mti ukivuliwa mzunguko wote
hunyauka umesimama.
Nikakata. Utomvu mweupe ukanishika vidoleni.
Nikapima kipande kwa kiganja changu,
kisha nikaukumbuka mkono ule mdogo,
nikakipunguza.

Jikoni mama alionja, akafumba jicho.
"Halijafika," akasema.
Nikainama, nikaendelea kuosha kisu.