Naomba Kukaa

Ghent, ghorofa ya pili, chumba cha sita:
matajiri kumi na mmoja wa karne zilizopita
wameketi ukutani, mikono magotini,
na hakuna aliyewahi kuwadai cheti cha daktari.

Mimi, Godelieve Stuyvaert, mlinzi wao,
nimesimama.
Saa saba na nusu kila siku,
mguu wa kulia wangu, wa kushoto wa kiwandani,
na pale vinapokutana, chini ya goti,
ngozi huanza kutoa majimaji ifikapo saa tano.

Barua ya kwanza niliifungua kwa "Samahani."
Nikaichana. Sijamkosea mtu.
Ya pili nikasimulia yote, tramu, mvua, taa nyekundu,
nikajiona naomba machozi, si kiti.
Ya tatu ilikuwa na hasira. Hiyo nimeihifadhi.
Ya nne ina mistari miwili:
Naomba kiti kando ya mlango.
Naomba kukaa.

Lieven wa chumba cha saba akaisoma, akauliza:
kukaa kitako, au kukaa kazini?
Nikamwambia, kwangu mimi ni neno moja.

Mkurugenzi alijibu baada ya wiki tatu.
Wageni watadhani unasinzia, aliandika,
tena mlinzi aliyeketi hatishi.
(Kana kwamba nikichechemea ndiyo wanatetemeka.)
Ndani ya bahasha, fomu: Eleza upungufu wako.
Nikaeleza: Kiti.

Basi kikaitishwa kikao kuhusu kukaa kwangu.
Walikaa tisa.
Mwenyekiti, mwenye kiti hasa,
cha magurudumu matano na mto wa kiuno,
akazunguka nusu duara, akasema tusiharakishe.
Mimi nilikuwa nimeegemea dirisha.

Wiki ya kumi na moja kikaja:
stuli ya kukunja, haina mgongo,
jina langu kwenye utepe limekosewa herufi mbili.
Usiku huohuo nikaanza barua ya tano.

Lakini leo nimekaa.
Mtoto wa shule amesimama mbele yangu,
ananitazama tangu viatu hadi nywele,
kisha anatafuta ukutani, kando ya bega langu,
kibao chenye jina na mwaka.

"Wa mwaka huu," nikanong'ona.

Akaruka nyuma, akamkanyaga mwalimu wake.
Laiti mkurugenzi angekuwepo.