Mabano

Karatasi aliyoniachia fundi Ambindwile
ilikuwa na doa la chai na mistari saba.
Aliiandikia gotini, pikipiki ikimngoja,
akashuka kwenda Mbeya kufuata kebo.
"Fuata kama ilivyo, Subilaga. Kama ilivyo."

Nikafuata kama ilivyo.

Palipokuwa na neno "jina" ndani ya mabano
nikafungua mabano, nikaandika jina, nikafunga mabano,
na swichi ikanirudishia mstari wangu
na chini yake kikofia kimoja kidogo
kikisonta herufi niliyojikwaa,
kama kalamu nyekundu ya Mwalimu Kissa:
hapa. Si pale. Hapa.

Nje, mizani ya chai inapima na haina wa kumwambia.
Mvua ya Rungwe inapiga bati tangu alfajiri,
majani mabichi yanaanza kupata moto ndani ya magunia,
na akina mama wamejifunika nailoni, wanasubiri kilo zao.
"Bado?" karani anauliza dirishani.
"Bado."

Nikaisoma upya, safari hii
kama mtu asomaye barua ya posa,
akitafuta kilichosemwa na kilichoachwa.
Haya mabano yenye ncha ni ganda la ndizi:
menya, utie chako, ganda usilipeleke mezani.
Haya ya mraba ni sukari, ukitaka.
Na pale kijiti kinaposimama katikati ya maneno mawili,
chagua moja, mwanangu, hakuna kula huku na huku.

Mtaani nikisema "kiti imevunjika"
mtu ataleta nyundo na misumari.
Hii haileti misumari.
Hii inataka kiti kivunjike chenyewe, kwa ki- yake,
la sivyo inakaa kimya na kikofia chake.

Tena kwetu mke wa kijana hapiti alipo baba mkwe,
ana njia yake nyuma ya migomba,
na yapo majina ambayo hayaweki mdomoni.
Mimi nilikuwa uani, napayuka maneno ya chumbani.
Nikapiga hodi kwanza. Nikatoa neno la siri.
Alama ya mshale ikageuka uzio mdogo,
nikajua nimekaribishwa ndani.

Huko ndani nilikwama tena,
nikaandika kiulizo, peke yake, bila haya.
Ikanimwagia kila neno inalolijua katika chumba hicho.
Ndiyo ya kwanza kiwandani humu
niliyoiuliza isinicheke.

Lango la kumi na mbili lilizaliwa limefungwa.
Nikatafuta neno la kufungua; halipo.
Lipo la kufunga tu, na mbele yake unaweka la kukana:
usifungwe.
Nililirudia kwa sauti, mara mbili. Usifungwe.
Taa ya kijani ikapepesa, kisha ikatulia.

"Kumi na nne nukta mbili, Mama Sekela!"
karani akapiga kelele, kana kwamba kazi ni yake.

Halafu umeme ukakatika.

Jenereta ilipokohoa na kushika,
swichi iliamka kama mtoto mchanga:
hainijui, hailijui lango, haimjui Mama Sekela.
Mistari saba ilikuwa mdomoni tu, haikumezwa.

Nikaanza upya. Karatasi sikuitazama,
ilikuwa imelowa chini ya kiti.
Hodi. Neno la siri. Uzio. Jina bila ganda. Usifungwe.
Kisha mstari wa nane, ambao fundi hakuuandika
kwa kuwa mkono wake umeuzoea hata hauuoni:
hifadhi.

Jioni nilinakili yote kwa ajili ya Gwamaka
anayeanza zamu Jumatatu.
Mistari minane, mwandiko wa kusomeka.
Ndani ya mabano nikaweka "jina lako",
nikatua kalamu, nikafikiri,
nikaongeza pembeni kwa herufi ndogo:
mabano usiyaandike.