Nguzo ya Kumi na Mbili

Kila asubuhi navua pete, saa na jina langu.
Napewa suti nyeupe, buti za manjano,
glavu jozi mbili, gundi kwenye vifundo,
na mashine ndogo ya kusikiliza
kisichosemwa na saruji.

Miaka thelathini na moja
baba aliingia kwa lango hili hili
na shati la kaki na mkebe wa chakula.
Ukimuuliza, "Mnatengeneza nini kule?"
alijibu, "Mishahara."
Mama aliifua kaki ile pamoja na nepi zangu,
akaianika ikitazama mahindi ya jirani,
na Ohio yote ikapepea kwa amani.

Sasa tunabomoa.
Jengo refu kiasi kwamba walinzi walipewa baiskeli.
Mabomba ya nikeli tunayakata pingili pingili kama muwa,
ila hakuna anayeonja.
Uwanjani mitungi ya yurani imelala safu safu,
na kuna mtu ambaye kazi yake, kutwa,
ni kukagua kutu.

Na chini yetu yapo maji
yaliyokunywa dawa ya kuoshea grisi.
Hayana haraka. Yanasogea futi mbili kwa mwezi
kuelekea shambani kwa akina Stallard.
Tumeyatobolea visima, tunayavuta,
tunayachuja, tunayarudisha.
Siri ya mtungi aijuaye kata, twaambiwa.
Kata yetu ilifungiwa kabatini,
na ufunguo ukakaa Washington.

Jumanne, nguzo ya kumi na mbili,
upande usiotazama mlango,
nikakuta alama za penseli:
O.T. na D.R., na vijistari vitano vitano
kama vigingi vya ua.
Arobaini na moja kwa thelathini na nane.
Orval Tackett, marehemu baba yangu,
alikandamiza penseli hivyo hivyo
hata kwenye orodha ya sokoni.

Mashine ikaanza kukereketa,
krr, krr-krr, panzi aliyenaswa chupani.
"Kilimani," Lonnie akasema,
maana kila kinachokereketa kinakwenda kilimani,
kikazikwe katikati ya mfinyanzi na plastiki nene,
chini ya nyasi nzuri zisizoruhusiwa mti,
kwa sababu mizizi hupenda kudadisi.

Nikainakili hesabu kwenye glavu.
Zamu ilipokwisha nikakumbuka: glavu nayo ni taka.
Nikaivua kama tulivyofundishwa,
nje ikawa ndani,
baba akawa ndani,
nikaitupa kwenye pipa la manjano.
Arobaini na moja, thelathini na nane.
Nilirudia getini, nikarudia bafuni,
nikarudia garini hadi taa nyekundu ikawa kijani
na mtu nyuma yangu akapiga honi.

D.R. bado yu hai.
Dewey Rademacher, nyumba ya wazee nyuma ya kituo cha petroli,
mrija wa oksijeni puani,
barua ya fidia imekunjwa mara nne
chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.
Nikamtajia tarakimu.
Akafumba macho. Nikadhani analia.

"Thelathini na tisa," akasema.
"Babako aliniibia moja
siku kilipolia king'ora. Sote tulikimbia,
yeye akarudi kuchukua karata."

"King'ora gani, mzee?"

Akatazama mlango.
Kiwanda kimefungwa, mabosi wamekufa,
paa lenyewe nimeliona likishuka kwa winchi,
na bado anatazama mlango.
Akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya televisheni,
mchezo wa besiboli, watu wakishangilia,
kisha akanivuta mpaka nikausikia mrija wake ukipuliza.

"Ya kumi na tatu, mmeifikia?"

"Bado. Kesho."

"Kesho," akasema, "vaa glavu tatu."